Jicho la Sebuleni kwa Mektilda

Kwa miaka ishirini na sita Mektilda alikuwa na sebule ya kuonewa wivu pale Chemchem, Tabora, na kwa miaka yote hiyo alikaa ndani yake mara nne. Mara ya kwanza padri alipokuja kubariki nyumba. Mara ya pili walipokuja watu wa posa ya binti yake. Mara ya tatu ulikuwa msiba wa mumewe Eustace, na siku hiyo makochi yalitolewa nje, yeye akakaa mkekani. Mara ya nne mvua ya mawe ilitoboa bati la jikoni, akakimbilia sebuleni na sufuria ya maharage mikononi, akasimama katikati kama mtu aliyekosea nyumba mpaka mvua ilipokatika. Kama kusimama nako ni kukaa, basi ni mara nne.

Siku nyingine zote sebule ilikaa yenyewe. Ilikuwa na makochi yaliyofunikwa vitambaa vya kufuma, na kabati la vioo lenye vikombe ambavyo havijawahi kuonja chai. Kila Jumamosi Mektilda aliipangusa vumbi, akaifunga, akarudi uani.

Uani ndiko alikoishi. Kulikuwa na jiko, kinu, bomba la maji, na mikeka ya kuanikia matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa vipande, vikaachwa juani mpaka vikawa vigumu kama gome na vitamu kama asali. Huko huko uani kulikuwa na chumba kidogo ambamo alihamia kulala mwaka uliofuata kifo cha mumewe, kwa sababu kilikuwa karibu na jiko na karibu na sauti ya Amne, jirani yake wa upande wa pili wa ua wa mabua. Chumba kikubwa cha ndani, chenye kitanda cha futi sita na godoro alilonunua mwanawe, alikitandika vizuri na kukifunga. Watoto wakija likizo alilala humo, wasije wakamwonea huruma. Wakiondoka tu, alirudi kwake.

Alikuwa na miaka sabini na moja, na miguu yake ilikuwa na historia. Ukoo wake ulikuwa wa wapagazi, watu waliobeba mizigo ya wenzao mpaka pwani na kurudi, miezi mitatu kwenda, wakaona ni safari ya kawaida. Yeye mwenyewe alizaliwa Kipalapala, jirani na seminari, akakua akiijua saa kwa kengele za mafrateri. Akaolewa na Eustace, fundi wa njia ya reli, wakakaa Igalula miaka kumi na tisa. Pale stesheni treni ilisimama kwa dakika chache tu, na Mektilda alijifunza kukimbia sambamba na behewa linaloondoka, beseni la matobolwa kichwani, akimpa abiria wa dirishani fungu lake la mwisho bila kumwaga kipande. Waliomwona enzi hizo wanasema treni ndiyo iliyokuwa ikimfuata yeye.

Basi, masika ya mwaka juzi aliteleza penye bomba, akaanguka ubavu. Hakuvunjika. Lakini habari ilifika Dar es Salaam, na huko ikavunjika kila mahali. Revocatus, mwanawe wa pili, anayefanya kazi ya kompyuta, alipiga simu akasema sasa imetosha, mama ahamie kwake. Alikuwa na nyumba ya ghorofa ya tatu, choo ndani, maji ndani, na kibaraza cha kuangalia magari. Nyumba ya Chemchem ingepangishwa. Hata mpangaji alikuwa ameshapatikana, karani fulani mwenye familia ndogo.

Mektilda alikataa. Revocatus akasisitiza. Mektilda akakataa kwa upole zaidi, jambo ambalo kwa wanaomjua ni baya kuliko ukali. Wakavutana hivyo mpaka Pasaka, Revocatus alipokuja na boksi dogo, akasema amepata njia ya katikati.

Ndani ya boksi mlikuwa na vidude viwili vyeupe, kila kimoja ukubwa wa kiberiti, chenye jicho la mviringo kama la samaki. Havikuwa na waya hata mmoja. Vilikula betri ndogo kama kifungo cha shati, vikabandikwa ukutani kwa gundi. Kimoja alikiweka sebuleni, kingine kwenye korido, na ruta yenye laini ya simu akaificha nyuma ya kabati la vioo. Alieleza kwamba jicho linahisi joto la mwili unaotembea. Mama akipita, taa inawaka yenyewe, na simu ya Revocatus huko Dar inapata habari papo hapo. Kukicha mpaka saa nne asubuhi jicho lisipoona mtu, simu italia kengele. Kengele ikilia mara tatu, mama anahamia Dar, hakuna tena mjadala.

Mektilda aliuliza jambo moja tu: kama jicho linaona mpaka uani.

"La, mama. Linaona hapa hapa unapokaa."

Hapo ndipo angesema. Angesema, mwanangu, mimi hapa sikai, hapa wanakaa wageni, nami silali ndani. Lakini aliangalia godoro jipya kupitia mlango wa chumba, akamwangalia mwanawe aliyekuwa juu ya kiti akibandika kidude kwa bidii, jasho likimtoka, akaona aibu. Akasema ahsante, baba.

Kengele ya kwanza ililia siku ya pili baada ya Revocatus kuondoka. Mektilda alikuwa ameamka saa kumi na moja. Alikuwa amefagia ua, amechota maji, ametwanga, ameanika mikeka miwili, amemsaidia Amne kumkamata mbuzi. Saa nne na dakika mbili simu ikalia, na Revocatus akauliza kwa sauti ya mtu anayejiandaa kupokea msiba, mama, hujaamka?

Kesho yake aliamua kuwa mwaminifu kwa kidude. Alioga, akavaa kitenge chake cha kanisani, kwa sababu sebuleni haingiwi na nguo za jikoni. Akafungua mlango, akakisalimu kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka," kama inavyompasa mtu anayemkuta mwenziwe asubuhi. Kisha akaenda dirishani kukung'uta kitambaa, akaketi kwenye kochi, mikono mapajani, akatulia kama mgeni mwenye adabu. Alikuwa ameingia kabla hakujapambazuka, na kwa Revocatus siku ilianza saa kumi na mbili kamili; alichokung'uta kabla ya hapo hakikuhesabiwa. Akakaa. Saa nne na dakika mbili simu ikalia.

"Mama, uko wapi? Nyumba haina mtu."

"Nimekaa mbele yake, baba. Tunatazamana."

Revocatus akaeleza kwamba mtu akikaa kimya, jicho halimwoni. Mektilda akafikiri juu ya jambo hilo siku nzima. Adabu yote aliyofundishwa kuhusu kukaa sebuleni mwa watu, yaani kutulia, kutozunguka, kutoshikashika vitu, kwa jicho hilo ilikuwa sawa na kufa. Na kengele mbili zilikuwa zimekwisha kulia. Ilibaki moja.

Kuanzia hapo kila asubuhi baada ya kufagia aliingia sebuleni na ungo wa karanga, akazunguka makochi akimenya, taa ikiwaka na kuzima, kuwaka na kuzima. Amne, mjane mwenzake, mzaliwa wa mji, mtu mwenye ulimi, alimchungulia dirishani akacheka mpaka akashika ukuta.

"Mama Revo, huyo mgeni wako hali hizo karanga?"

"Hali. Anataka kuona natembea tu."

"Basi ni mume huyo, si mgeni."

Ilikuwa ni Amne aliyemletea wazo la kuku. Mwezi wa saba ulikuwa umeingia, viazi vimevunwa, na Imakulata, mdogo wake Mektilda kule Kipalapala, alikuwa akimngoja kwa kazi ya matobolwa kama kila mwaka. Mektilda asingeweza kwenda na kurudi kila siku kabla ya saa nne. Amne akauliza kidude kinaona nini hasa. Mektilda akasema kinaona joto linalotembea. Amne akamtazama mtetea mwekundu aliyekuwa akiparua karibu na kinu.

Wakatandika magunia sakafuni sebuleni, wakamwaga mtama kidogo kidogo kwenye kona zote, wakaweka maji kwenye bakuli, wakamwingiza mtetea ndani, wakafunga mlango. Taa ikawaka. Ikaendelea kuwaka.

Jioni Revocatus alipiga simu kwa furaha. Mama alikuwa ametembea sana leo. Kwenye simu yake, alisema, kulikuwa na mchoro wenye vilima vya kila saa, na leo vilima vimejaa, hasa mchana. Wiki ile na iliyofuata Mektilda alikwenda Kipalapala mara tano, na kila jioni sifa ziliongezeka. Revocatus aliutuma ule mchoro kwenye kundi la ukoo, na mashangazi wa Nzega wakamshukuru Mungu. Kuna siku alimwomba mama apunguze kidogo, kwa sababu saa saba mchana, jua kali, alikuwa akizunguka bila kupumzika. Mektilda akaahidi kupumzika, akaenda kupunguza mtama.

Haikumkalia vizuri. Siku moja pale Kipalapala, akipita karibu na kanisa, aliwaza kwenda kuungama kwamba amemdanganya mwanawe. Lakini padri angeuliza amemdanganyaje, na yeye angelazimika kumtaja kuku, na aliona ni afadhali abaki na dhambi kuliko kuanza kueleza hayo kupitia kidirisha cha maungamo. Akapita.

Wiki ya mwisho ya mwezi Imakulata aliomba alale huko mpaka Alhamisi wamalize. Mektilda alimwachia Amne ufunguo na mtama. Asichokijua ni kwamba yule mtetea, kwa siku zote alizokuwa akiishi kitajiri, alikuwa ametafuta pembe tulivu nyuma ya kabati la vioo, penye joto la ile ruta, akataga. Jumapili jioni Amne alimkuta ameanza kuatamia. Akafurahi, kama ambavyo mwanamke yeyote wa mji huu angefurahi. Alivuta kitambaa kimoja cha kufuma kutoka kwenye kochi akamtandikia, akaongeza mayai matatu ya kuku wake mwenyewe yakawa kumi na moja, akatoka kwa kunyata. Kuku aliyelalia hasumbuliwi wala hahamishwi, hilo hata mtoto analijua.

Kuku aliyelalia pia hatembei. Hutoka mara moja asubuhi, hula haraka, hunywa, hujinyoosha, hurudi. Kwa hiyo kengele haikulia. Lakini vilima kwenye simu ya Revocatus vilianguka vyote siku moja, pakabaki kichuguu kimoja saa mbili asubuhi, na baada ya hapo uwanda.

Jumatatu alipiga simu. Mektilda alikuwa Kipalapala, kisu mkononi, viazi mpaka magotini.

"Uko wapi, mama?"

"Nipo sebuleni tu, baba."

Mbuzi wa Imakulata akalia. Mektilda akasema ni wa jirani. Revocatus akamuuliza kama miguu inauma, akasema haiumi. Akamuuliza kama anakula, akasema anakula sana. Sauti yake ilikuwa nyepesi na yenye furaha, na hiyo ndiyo iliyomtisha mwanawe kuliko yote. Mtu anayetoka kitandani mara moja kwa siku, kisha anasema hana neno, anaficha kitu. Alimwonyesha mchoro rafiki yake aliyesomea udaktari, naye akatikisa kichwa, akasema wazee ndivyo wanavyoanza. Hapo zamani habari ya Tabora ilichukua miezi mitatu kufika pwani, na ilipofika ilikuwa ya kweli. Siku hizi inafika kufumba na kufumbua.

Revocatus aliomba ruhusa kazini. Yeye na mkewe Elieth walipanda treni hadi Dodoma, wakalala, asubuhi wakashika basi, na alasiri ya Alhamisi wakateremka Tabora na sanduku tupu la kupakia nguo za mama, na kiti cha magurudumu walichonunua Kariakoo. Kilikuwa kipya, bado na nailoni yake. Elieth, ambaye ni mtu wa maneno machache, alikisukuma mpaka Chemchem kikiruka juu ya mawe.

Mlango wa mbele ulikuwa umefungwa. Walipogonga, alitokea Amne kwa upande wa ua, mikono ina unga. Wakamwamkia, akaitikia marahaba, akakitazama kiti.

"Mama yuko ndani?" Revocatus aliuliza.

"Mama yako yuko Kipalapala tangu Jumapili. Atarudi leo."

"Kipalapala? Amekwenda na miguu gani?"

"Hiyo hiyo aliyozaliwa nayo, mwanangu."

Amne akawafungulia. Revocatus alipoingia sebuleni taa iliwaka, na simu mfukoni mwake ikatoa mlio mdogo wa kumjulisha kwamba mama yake ameamka. Alisimama juu ya magunia, akatazama bakuli la maji, punje za mtama, na kochi lililovuliwa kitambaa. Kisha akasikia sauti ya kunguruma nyuma ya kabati, akainama, akachungulia. Mtetea alimdonoa kwenye kidole cha kati.

Elieth ndiye aliyeelewa kwanza. Aliketi kwenye kochi, akajifunika uso kwa mtandio, mabega yakawa yanatikisika. Mumewe alifikiri analia.

Mektilda aliingia kwa mlango wa uani, kama kawaida yake, jua likiwa limeshaanza kulegea. Alikuwa ametembea kutoka Kipalapala na furushi la matobolwa kichwani, kwa sababu barabara ni tambarare na kulikuwa na upepo. Alikuwa bado analitua alipowasikia watu sebuleni. Amne akamnong'oneza. Mektilda akanawa uso, akavaa kitenge cha kanisani, akaenda kuwakaribisha wageni.

Alimkuta mwanawe amesimama, kidole kinywani, kiti cha magurudumu kiko kati yao. Revocatus alimwamkia, akaitikia. Hakuna aliyejongea, taa ikazima. Elieth akapunga mkono, ikawaka.

Revocatus alisema mengi, na mengi yalikuwa ya haki. Alisema wiki nne amekuwa akifuatilia afya ya kuku. Amewapigia mashangazi simu juu ya kuku. Ameomba ruhusa kazini kwa ajili ya kuku aliyelalia. Akasema kama mama ameweza kumdanganya hivi, atamwaminije tena, na kwamba makubaliano yalikuwa makubaliano. Kengele ya tatu haikulia kwa sababu ya kuku, na kwa hesabu yake imeshalia. Akasema wafungashe.

Mektilda hakujitetea juu ya uongo. Alikiri, na kwa kuwa alikuwa ameanza kukiri alikiri yote: kwamba halali kwenye lile godoro, analala uani, na kwamba sebuleni hapa yeye ni mgeni kama wao. Revocatus akatoka kwenda kukiona kile chumba. Alikuta kitanda cha kamba, rozari kwenye msumari, na dirisha dogo lililotazamana na jiko la Amne. Aliporudi sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Sasa ukianguka huko nani atajua?"

"Jicho lako lilikwambia Jumatatu kwamba nimelala siwezi kuamka," Mektilda alisema. "Leo ni Alhamisi. Siku ile nilipoanguka kweli, Amne alinifikia ndoo haijaisha kumwagika. Ungenikuta lini wewe, baba?"

Revocatus aliangalia kidude ukutani, akahesabu siku kwa vidole, kile kilichodonolewa kikiwemo.

"Na nambari yako ya simu sina," Amne aliongeza kutoka mlangoni. "Hujawahi kunipa. Kidude umekipa."

Elieth alitoa simu yake kwenye mkoba, akampa Amne aandike.

Usiku ule walikula uani. Revocatus alijaribu mara ya mwisho: kesho yake asubuhi alitaka kuling'oa jicho sebuleni na kulibandika uani, juu ya bomba. Alilibandika la koridoni kwanza, kwa majaribio. Kufikia saa mbili simu yake ilikuwa imelia mara mia na kitu. Mbuzi walipita, Amne akapita akaja kuomba moto, wanajumuiya wawili wakaja kuulizia zamu ya kufagia kanisa, mama mmoja akaleta ungo, mwingine akachukua, kuku, kuku, nguo iliyopata joto la jua kwenye kamba, kuku. Elieth, aliyekuwa akisaidia kugeuza matobolwa mkekani, alisema kwa utaratibu tu kwamba amehesabu watu kumi na mmoja waliomwita mama kwa jina kabla ya chai. Revocatus akapanda kwenye kigoda, akalibandua.

La sebuleni alitaka kulibandua pia, lakini lilikuwa juu ya kabati, na ruta ilikuwa nyuma yake, na mama yake akasimama mlangoni akamkataza. Siku kumi na sita zilikuwa zimebaki mayai yaanguliwe. Kuku aliyelalia hasumbuliwi.

Kwa hiyo waliondoka Jumapili, sanduku limejaa matobolwa badala ya nguo. Kiti cha magurudumu kilibaki Chemchem, na kimekuwa na faida kubwa. Mektilda hukitumia kubebea gunia akienda Kipalapala, akikisukuma mwenyewe barabarani, na wasiomjua husimama kumuuliza mgonjwa amemwacha wapi. Yule karani alitafutiwa nyumba nyingine.

Asubuhi moja katikati ya mwezi uliofuata, Revocatus akiwa ofisini, simu yake ililia, ikalia tena, ikaendelea kulia mpaka wenzake wakageuka. Vilima vilikuwa vimerudi, virefu, vimebanana, kuanzia saa moja. Hakuuliza mchoro unasema nini. Alitoka nje, akapiga Chemchem.

"Shikamoo, mama. Wametoka wangapi?"

"Marahaba. Tisa," alisema Mektilda. Alikuwa sebuleni, na nguo zake za jikoni.